Maji Aliyoomba Maduhu

Magamba, Mpanda
Jumamosi

Dada Nyanzala, shikamoo.

Niseme kwanza, maana nikichelewa nitaogopa tena. Nimemdanganya baba, halafu nimemdanganya kaka Maduhu, kwa simu ile ile moja. Sijamwambia mtu yeyote. Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako hupokelewa na shemeji, na ya huku huongelewa uani watu wote wakisikia.

Lakini mko wazima? Mtoto ameacha kukohoa? Sisi tunapumua tu, amani hatuna.

Ndege za jeshi zilianza Jumatatu. Zinapita chini kuelekea ziwani hadi bati la jikoni linatetemeka. Siku hiyo ng'ombe walivunja zizi wakaingia kwenye mahindi ya Mzee Lyamba, na mama akaanguka mlangoni kwa presha. Mzee Lyamba hakugomba. Alisema ng'ombe wetu wana akili, wamekimbia, sisi tumebaki tumekodoa macho. Baba alicheka, kisha akawasha redio. Redio ikasema majeshi ya nchi kadhaa yanakusanyika ili yavuke kwenda kuzima vita ng'ambo.

Celestin, yule dereva anayepeleka saruji bandarini Karema, alisimulia dukani kwa Rehani kwamba ameona meli za kijivu zimejipanga, bendera tofauti tofauti, na wanajeshi wanaoongea lugha asizozielewa. Rehani akamtania kuwa yeye hata Kiswahili cha trafiki huwa hakielewi. Watu walicheka. Mimi nilishindwa, kwa sababu Maduhu ni mwanamaji.

Jioni baba aliniita pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kaka yumo kwenye hao wanaovuka. Unajua tangu nimalize kidato cha nne mimi ndiye msomaji wa simu yake. Asubuhi ile nilikuwa nimeshasoma ujumbe wa Maduhu kwamba yupo Karema. Nikamtazama mama amelala kwenye mkeka, nikajibu kuwa hayumo, ameachwa Dar es Salaam kulinda ghala. Baba alishusha pumzi, akamshukuru Mungu. Nikaufuta ujumbe.

Nilidhani limeisha. Jumatano alfajiri ukaja mwingine. Kaka aliandika kuwa wanavuka kesho na simu zitakusanywa saa nne. Aliomba baba asimame mlangoni mwa zizi kabla ng'ombe hawajatoka, amtemee maji ya baraka, kama alivyomtemea siku anakwenda depo kwenye mafunzo ya jeshi. Alisema wenzake wameshaongea na baba zao, yeye bado, na anaogopa hadi anashindwa kufunga kamba za buti.

Dada, baba alikuwa pale pale zizini anatoa miti ya mlango. Nilisogea na simu mkononi. Akaniuliza nani anatuma meseji mapema hivyo. Nilifungua mdomo, nikasema ni watu wa mtandao, wanatangaza bando. Akasema hao hawana adabu. Ng'ombe wakatoka mmoja mmoja hadi wa mwisho, nami nimesimama tu.

Kisha nilimwandikia Maduhu kwamba baba ametema maji, amesema nenda urudi. Akajibu: “Asante mdogo wangu. Sasa siogopi.” Tangu hapo hapatikani.

Nilijaza maji mdomoni nikasimama anaposimama baba. Najua si kazi ya msichana. Mengi yalinimwagikia kifuani, machache ndiyo yaliyokwenda upande wa ziwa. Nikataja jina lake.

Leo ndege zimepita tena. Baba yuko kwa Rehani, anawaambia watu kijana wake yuko salama Dar. Nikimwambia sasa, mama ataanguka tena, na baba atajua mtoto wake amevuka bila neno lake.

Wewe ni mkubwa wetu, na huko kwenu Kasekese ni karibu na ziwa kuliko huku. Nakuomba kesho, kabla ng'ombe wenu hawajatoka, uteme maji kwa niaba ya baba. Shemeji akiuliza, sema unasukutua.

Msalimie yeye na watoto. Mama anasema umletee karanga ukija.

Barua hii ichome jikoni, dada, na usimwambie mtu. Kaka akirudi nitamwambia mwenyewe, hata akinichapa. Kwa sasa mwache aendelee kuamini kuwa maji yale yalikuwa ya baba.

Mdogo wako,
Odeta Malale