Samaki Wameukubali Mwani Wako

Mume wangu kipenzi,

Nalitaja neno "mume wangu" kutwa nzima hapa bwawani, mpaka mlinzi ananiambia, "Bibi harusi, hata samaki wameshajua umeolewa."

Dumu la pili la maji ya mwani uliyochemsha lilifika salama. Nalifungua mwenyewe kila mara, maana linanuka bahari na moshi wa jiko lako. La kwanza nililichanganya kwa wingi kwenye chakula cha samaki, wakawa wanakionja na kukitema. Bosi akanuna: "Mumeo anatupikia dawa?" Safari hii nimenyunyiza kidogo tu kwenye chakula, nikakianika kivulini kikauke. Mpenzi, walipanda juu wakakigombania kama watoto. Sasa, wiki kadhaa baadaye, wamewapita unene wale wa bwawa la jirani wasiopewa mwani.

Basi bosi anakutaka. Anasema mwani mkavu uletwe kwa magunia, wewe uje uupikie hapa hapa, na nyumba ya wafanyakazi tupewe sisi. Nimeshaifagia. Nimeshapanga hata upande utakaolala.

Ila najua kwa nini barua zako zimekuwa fupi. Mama haoni tena vizuri, na wewe ndiye unayemshika mkono. Sikuombi umwache, ungekuwa mtu wa kumwacha, nisingekupenda hivi. Vyumba ni viwili, mpenzi. Nimeupima mlango wa chumba cha nyuma, na kitanda chake kinapita. Mwambie mkwe wake anamsubiri.

Mkeo, anayekuota hata mchana