Utani Hauzai Mtoto

Wifi yangu,

Barua hii sikuifunga. Nahodha anayeileta huko kisiwani Nosy Be nimemwambia anayetaka kuisoma njiani aachwe asome, na ikifika kijijini Marodoka isomwe kwa sauti barazani kwako, wanawake wote wakiwepo. Wewe ndiwe uliyeanza kunisema mbele za watu, nami nakujibu mbele zao.

Kipupwe kimerudi huku kwetu Mahajanga. Upepo wa asubuhi unabeba vumbi la njia nzima na kulitia vyunguni, na kunazi zimeiva. Wakati kama huu ungekuwa umeshafika uani kwangu jua halijapanda ukutani, umebeba jiwe lako la kusagia liwa kana kwamba mimi sina. Tukijipaka uso mzima, tukikaa kuota jua, tumenyamaza kimya, maana liwa iliyokauka ukicheka inapasuka. Hapo ndipo ulipokuwa ukianza kunitania makusudi. "Hivi kaka yangu alikuona mchana au gizani?" Nami nikikujibu, "Alikuwa anakimbia kelele zako." Zikapasuka nyuso zote mbili.

Nilizipenda siku hizo, sikatai. Viazi vitamu chini ya majivu, vitendawili, na bao baada ya adhuhuri, wewe ukificha komwe kwenye upindo wa nguo na binti yangu Rukia akizichopoa humo humo kunirudishia. Tulisema tunangoja baridi iishe, lakini mimi sikuwa na haraka nayo. Sasa nikizikumbuka nashikwa na hasira, kwa kuwa hata raha za zamani umeniharibia.

Siku yenyewe unaikumbuka, maana umekuwa ukiisimulia huko. Ulinifunga bao, ukamnyakua Rukia ukampakata. "Huyu sasa ni wangu, nampeleka kwangu." Nikasema, "Mchukue, anakula kuliko baba yake." Jirani yetu Msakalava akasimamisha mchi wake. Akasema kwao hilo ni fady, ni mwiko, mtoto hatolewi hata kwa mzaha. Wewe ukamjibu, "Sisi mawifi, bibi. Tutapeana hata roho." Tukacheka, naye akaendelea kutwanga.

Muda si mrefu mumeo akahamishia biashara yake Marodoka. Rukia alikuwa anakohoa, nawe ukaniambia Nosy Be hakuna vumbi kama hili, nikuachie mtoto, kipupwe kikiisha utamrudisha. Nikamfungia nguo zake mwenyewe. Joto likarudi. Mvua zikaja, zikaenda. Kila chombo kilichotia nanga nilishuka pwani kukitazama, mpaka wapagazi wakaanza kunionea haya. Mwishowe nikaletewa maneno yako: nisijisumbue, mtoto nilikupa mwenyewe, mashahidi wapo, na mtani akichukua hakasirikiwi.

Mimi nimekasirika. Desturi naijua kuliko wewe. Mtani huchukua kuku chunguni, huvua kilemba kichwani mwa bwana harusi, na mwenye mali hucheka. Ulichukua bangili zangu nikacheka. Ulichukua mkeka niliousuka kipupwe kizima, nikacheka. Lakini kuku hajui mama yake ni nani, wifi. Mtoto anajua.

Najua hujabahatika kupata mtoto aliyekua. Mara zote mbili ulipozika nilikaa nawe mkekani, nikakulisha uji kwa mkono huu unaoandika. Ungeniomba, ningekuletea Rukia kila mwaka mpaka baridi ipite, kisha nikaja kumchukua. Nisingekunyima. Hukuomba. Uliuokota mzaha wangu ukaufanya hati, na hilo sitakusamehe. Kaka yako naye ananiambia niwe mpole, eti dada ni dada. Sasa anakula chakula kilichopoa.

Nahodha alimwona Rukia safari iliyopita. Anasema amenenepa na hakohoi tena, na hayo nakushukuru, maana haki ni haki. Akamwambia, "Mama yako anakusalimu." Rukia akamuuliza, "Mama yupi?"

Basi sikia, na wanaosikiliza nawe wasikie. Utani kati yangu nawe umekwisha leo. Neno utakalonitupia sitalicheka, na ukigusa changu utaitwa mwizi kama mwizi mwingine yeyote. Nakuja na chombo kitakachofuata hiki. Usinipikie, usinitandikie, na usimwambie mtoto kwamba anakuja mgeni. Mwambie ukweli kwa kinywa chako mwenyewe, kabla sijafika, ili asinikimbie.

Nakuaga kwa mara ya mwisho kama wifi. Tutakapoonana nitakuwa ni huyu tu,

Mama yake Rukia