Betri ya Shemeji

Alhamisi jioni, Lurambi

Nimechoka kuambiwa kwamba sijui mambo ya stima.

Mama mkwe anapumua kwa mashine ya oksijeni, na stima ikipotea tunategemea betri mbili mpya. Leo shemeji Shikuku alileta betri yake kuukuu akaiunganisha na hizo ili zichajiwe pamoja. Nikamwambia fundi alitukataza kuchanganya kuukuu na mpya. Akacheka. "Shemeji, wewe songa obusuma, huo ugali wako. Hii ni nyumba ya mama yangu." Nilimpigia mume wangu kazini Mombasa. "Usigombane naye," akasema tu.

Mchana nikasikia harufu ya mayai yaliyooza. Betri ya Shikuku ilikuwa imevimba, ina moto haishikiki. Nilizima chaja, nikafungua madirisha yote, nikangoja harufu iishe kabla ya kugusa nyaya, maana kwa gesi ya betri cheche moja tu ingeweza kutulipua. Kisha nikaitoa ile mbovu. Namshukuru Mungu stima haikupotea.

Shikuku aliporudi alisema nimemharibia betri, eti ataleta nyingine.

Alipotoka, Mama alinishika mkono. "Usiende popote, mwanangu. Usipokuwepo ataiunganisha."

Kesho nilikuwa niende Chekalini kumwona mama yangu mzazi, ambaye pia anaugua sana. Nimempigia kumwambia siendi. Nilijiandaa kueleza habari za betri, lakini hakuuliza sababu.

"Na Pasaka pia hukuja," alisema, akakata simu.