Kona Kumi na Moja, Bila Kichwa Hata Kimoja

Jumapili, saa tisa alasiri. Mvua ilinyesha asubuhi tukiwa kanisani, sasa jua limewaka na jasho linanitoka nikiwa nimekaa tu. Madaftari ya darasa la sita yako mezani, sijasahihisha hata moja. Nina hasira tangu jana jioni, na hasira yenyewe ni ya kona.

Ndiyo, kona. Ile ya mpira.

Mume wangu amenicheka chakula cha mchana kizima. Anasema wanawake wengine hukasirikia waume zao, yeye mke wake amekasirikia kibendera. Acha acheke. Hakuwepo uwanjani.

Jana timu yetu ya wanawake ya Kiseke ilicheza fainali ya kombe na wanawake wa Bujora. Mimi ni kocha msaidizi. Kocha mkuu ni Deo, kijana wa miaka ishirini na tisa, aliyetujia mwaka jana na cheti chake cha ukocha na kompyuta yenye michoro ya mishale. Mbele tunaye Nyamizi. Sijui nimwelezeje kwa mtu asiyemjua. Ana miaka ishirini na mbili, anashona sare za shule huko Igogo, na ni mrefu kuliko beki yeyote niliyewahi kumwona upande huu wa ziwa. Akiruka, wenzake wanashuka yeye bado yuko juu. Msimu uliopita alifunga mabao tisa, saba kwa kichwa.

Msimu huu amefunga moja. Kwa goti.

Jana alikuja mgeni kutoka Dar, mama anayetafutia wachezaji timu moja ya ligi kuu ya wanawake. Mimi ndiye niliyempigia simu wiki tatu zilizopita, nikamwambia njoo umwone binti anayepiga kichwa. Nyamizi alijua kwamba atatazamwa. Alikuja amesuka upya, na njumu zake alikuwa ameziosha mpaka kamba.

Tulipata kona kumi na moja. Nilichora vistari vyake kwa kalamu kwenye kiganja cha mkono, na hadi sasa havijafutika vyote.

Kona ya kwanza, Sabina, winga wetu wa kushoto, akampasia mwenzake aliyesimama hatua mbili kutoka kwake. Mwenzake akamrudishia. Sabina akarudisha kwa beki, beki akarudisha kwa beki mwingine, na huyo naye akaona bora arudishe kwa kipa. Kipa wetu! Tumepata kona, mpira ukaishia mikononi mwa kipa wetu wenyewe, na Deo akapiga makofi akisema, "Safi, tulieni!"

Muda wote huo Nyamizi alikuwa boksini, mkono juu.

Ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo. Kona ya saba Sabina aliamua kuuinua, ukamgonga beki wa kwanza kiunoni. Ya tisa ilipita juu ya goli zima, ikaangukia kwenye mahindi ya watu. Simlaumu Sabina. Mara ya mwisho kupiga krosi ishirini mfululizo mazoezini ni lini? Tangu ajiunge nasi msimu huu, hajawahi. Mguu haujui kitu ambacho haujafundishwa.

Na si sisi tu, jamani. Nikiwasha televisheni naona yaleyale kwa wachezaji wakubwa. Winga anakimbia vizuri, anafika mwisho wa uwanja, mahali penyewe pa kumwaga krosi, halafu anageuka nyuma kama mtu aliyesahau funguo nyumbani. Kona inamgonga beki wa kwanza, mtangazaji anasema hatari imeondolewa. Hatari ipi? Nani alikuwa hatarini?

Mimi nilikuwa winga. Mguu wa kushoto. Kocha wetu wa enzi zile, sasa ni marehemu, alikuwa akifunga kanga kwenye mwamba wa goli, upande wa mbali, na hukuruhusiwa kwenda nyumbani mpaka umeipiga mara kumi. Nililia siku nyingi kwenye ule uwanja. Lakini mshambuliaji wetu akikimbia, nilijua mpira utamkuta wapi, na yeye alijua. Ilikuwa ahadi kati yetu.

Dakika ya themanini na mbili, Bujora walipata kona. Ilikuwa ya pili kwao mechi nzima. Akaja kuipiga dada mmoja mfupi, anaitwa Kabula, mkulima wa pamba, mama wa watoto watatu. Akaweka mpira, akarudi hatua nne, akauchonga. Ukapinda. Kipa wetu alitoka akakuta hewa, beki wao akapiga kichwa bila hata kuruka sana.

Moja bila. Ndivyo ilivyoisha.

Baada ya mechi mgeni alinifuata. Nyamizi alikuwa amekaa chini karibu yetu, anafungua njumu.

"Mwalimu, huyu mrefu ndiye uliyenipigia simu juu yake?"

"Ndiye."

"Mimi nimemwona amesimama tu." Hakusema kwa ubaya. Alisema alichokiona. Kisha akaniomba nimwitie yule mpiga kona wa Bujora.

Nyamizi hakuinua kichwa. Aliendelea kufungua kamba ambayo ilikuwa imeshafunguka.

Hapo nikamgeukia Deo, mbele ya watu wote. "Kocha, kona kumi na moja!"

"Mwalimu, krosi ni kubahatisha. Mpira umebadilika. Siku hizi tunataka kumiliki."

"Kumiliki nini? Kibendera?"

Watu wakacheka. Yeye akawa mdogo, na mimi, nakiri, nilifurahi. Lakini akasogea karibu akasema kwa sauti ya chini, "Mbona mwaka mzima hukusema?"

Nikainama kuokota koni za mazoezi.

Ukweli ni huu, na nauandika hapa kwa sababu nimechoka kuubeba. Deo alipofika aliondoa mazoezi ya krosi kwenye ratiba, na akanionyesha ratiba hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Akaniuliza, "Unaonaje, Mwalimu?" Nikasema ni nzuri. Niliogopa kuitwa mtu wa zamani. Niliogopa wangetafuta msaidizi mwingine mwenye cheti. Kwa hiyo nikakaa kimya, nikawa nabeba koni na chupa za maji, huku kitu pekee ninachokijua vizuri katika mchezo huu nikikiacha kife.

Leo baada ya ibada nilikwenda nyumbani kwa akina Nyamizi, kule juu kwenye mawe. Alikuwa anaanika nguo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akaendelea kuanika. Halafu akauliza, hanitazami, "Jana nilikuwa nasimama vibaya?"

"Hapana. Mara zote kumi na moja ulisimama vizuri."

"Sasa mbona hamkuniletea?"

Hamkuniletea. Alituweka sote ndani ya neno moja, na alikuwa na haki. Nikamweleza kuhusu ratiba na woga wangu, sikujipunguzia kitu. Nilitegemea atasema hakuna shida, kama watoto wetu walivyolelewa kuwaambia wakubwa. Hakusema. Alibana kibanio cha mwisho ndipo akanitazama.

"Jumanne nitakuja mazoezini. Nisipoletewa mpira, sirudi tena. Bora nishone."

Nikamwambia sawa.

Nilipofika barabarani nilimpigia Deo. Nilianza kwa kumwomba radhi kwa kumfanya achekwe mbele za watu, kisha nikamwambia nataka mazoezi ya krosi yarudi, na safari hii sitanyamaza.

"Nusu saa, Mwalimu. Kila mazoezi. Tuone."

Nilimpigia na yule mgeni pia. Anaondoka kesho. Amesema huenda akapita tena kabla msimu haujaisha, na kwamba hatoi ahadi. Sina cha kumlaumu.

Krosi za mwanzo Jumanne nitapiga mwenyewe. Nina miaka arobaini na sita na goti la kulia haliko sawa, likiuma na liume. Sabina atasimama ubavuni kwangu aone mguu unavyopita chini ya mpira. Nyamizi atakuwa pale mbele akisubiri, na safari hii hakutakuwa na mtu mwingine wa kusingiziwa.

Je, bado ninaweza kumfikishia?