Alichoandika Bwana Aksel

Mama,

Kitabu kimesomwa. Ulinisubiri miaka, nami nimekuja kusomewa ukiwa umeshaondoka miezi minne, kwa hiyo sitajitetea.

Mimi na wajukuu zako tupo. Rehema amehamia chumbani kwako na anavaa kanga zako za kulalia. Yusufu haulizi kitu, ila kila akitoka shule anafungua mlango wako kwanza, anachungulia, halafu ndiyo anavua viatu. Mimi bado nakupikia uji. Najikuta nimeshaukoroga ndipo nakumbuka.

Kitabu nilikikuta sandukuni kama ulivyokiacha, lile jalada la kijivu lisilo na picha. Nimekijua tangu nina akili, kule Lushoto. Uliniambia ulimpikia Bwana Aksel miaka mitatu, yeye mwandishi, mkewe akifundisha chuoni, na kwamba alipokwisha kurudi kwao Denmark alikutumia kwa posta, kimesainiwa. "Mimi nimeandikwa kitabuni," uliwaambia wageni. Hata ulipotufuata huku ugenini, ukashuka kwenye basi pale Digbeth na begi moja, kilikuwemo. Wiki ile ile ukaanza: "Zubeda, huku Ulaya hakosekani anayejua Kidenishi. Nitafutie mtu anisomee."

Nikakujibu kesho, Mama. Kesho, Mama. Mpaka ukaacha kuniambia.

Na mtu alikuwepo. Hodan, yule Msomali tunayefungasha naye vipuri kiwandani Tyseley. Kiswahili chake ni cha Mombasa, walikokimbilia wakati wa vita akiwa mdogo, lakini shule kasoma Denmark kabla wazazi wake hawajahamia huku. Miaka miwili tumekula meza moja na sikuwahi kumuuliza. Alikuja kwenye arobaini yako, akamsikia Mjomba Shabani akiwasimulia watu habari za kitabu, akaomba akione. Akakigeuza mara mbili. "Dada, hiki tulisomeshwa shule," akasema. "Mwandishi huyu ni mtu mkubwa sana kwao."

Basi akawa ananisomea kantini, saa ya chakula, nusu saa kila siku. Mama, ungecheka. Kurasa na kurasa ni mvua, na mtu amekaa anatazama ukuta. Hakuna hadithi. Sentensi zinakatika katikati, nyingine inakwenda ukurasa mzima bila nukta. Hodan akanieleza kwamba hapo ndipo sifa yake ilipo. Zamani aliandika riwaya kama watu wengine, hakuna aliyemjali. Aliporudi kutoka kwetu ndipo akaivunja lugha yao na kuiunga upya, wakampa tuzo. Nikamuuliza, Mama yangu yuko wapi? Akanionyesha. Mikono inaleta chai. Mikono inaondoa chai. Ndiwe huyo, Mama. Hukupewa jina wala uso.

Siku ya sita Hodan alisoma kimya, akafunga kitabu, akasema tumalizie kesho. Nikamwambia hapana, soma.

Ni asubuhi ile ya Halima. Ulivyonisimulia tangu zamani, dada yangu alikuwa na miaka miwili, aliamka na homa akawa anakakamaa, ukapanda nyumba kubwa ukabisha mlango wa chumba alichoandikia Bwana Aksel. Akakujibu humo humo ndani, "Gari haina petroli." Ukamfunga Halima mgongoni ukaelekea hospitali ya misheni kwa miguu, na njiani ukahisi amekuwa mzito, ameshakata roho. Kila mara ulimalizia kwa kusema yule bwana alilia kuliko wewe.

Kitabu kinasema tangi lilikuwa limejaa. Anasema alikuwa ameipata sentensi aliyoitafuta mwezi mzima na aliogopa akiinuka itampotea. Alikusikia mpaka unashuka ngazi. Akamaliza sentensi yake. Hodan anasema mwalimu wao aliwakaririsha ukurasa huo, kwamba hakuna mwandishi wa kwao aliyewahi kujianika vile.

Halafu Hodan akarudi ukurasa wa kwanza, yale maneno yaliyoandikwa kwa mkono uliyoamini ni ya kukushukuru kwa mapishi. Yanasema: "Mwanaidi, nisamehe. Sikuweza kukwambia usoni."

Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka msimamizi akanifuata.

Tangu siku hiyo nakumbuka neno uliloniambia hospitalini, wiki ya mwisho. Nilikuwa nakupaka mafuta miguuni. Ukasema, "Jioni ile ile aliwasha gari akaenda posta." Nikadhani dawa zinakuchanganya. Nikakwambia pumzika, Mama.

Kumbe ulijua. Au ulishuku, na ukaendelea kumpikia kwa sababu hukuwa na pa kwenda. Mimi nikadhani unataka usomewe sifa zako. Ulitaka kujua kama yule mtu amesema kweli, na binti yako akawa na kazi nyingi.

Amesema kweli, Mama. Aliisema kwa watu wasiokujua, kwa lugha usiyoijua. Baada ya hapo aliandika kijitabu kimoja tu, akanyamaza, akafa peke yake. Walimu wao wanasema ukimya ule nao ni sanaa. Mimi sijui. Radhi alikuomba wewe, na siwezi kumjibu kwa niaba yako. Pengine mmeshaonana.

Rehema aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kama bibi yake yumo kweli kitabuni. Nilitaka kusema yumo, basi, yaishe. Nikawaketisha wote wawili nikawaeleza kila kitu kwa Kiswahili, polepole, na Yusufu akauliza kama yule mtoto alikuwa na jina: "She had a name?" Nikamwambia Halima. Akalirudia mara tatu ili alitamke sawasawa.

Mwezi wa nane, Mungu akipenda, nakwenda nao Lushoto. Mjomba Shabani anasema kaburi la Halima analikumbuka, nyuma ya msikiti wa zamani, na hakuna alama. Nitaweka jiwe na nitaandika jina lake kamili, la baba yake, na lako. Hilo nakuahidi, na safari hii sisemi kesho.

Kwaheri, Mama. Nisalimie dada yangu. Mwambie nachelewa lakini nafika.

Mwanao,
Zubeda