Fimbo ya Papa Inakwenda Kushoto

Kakiika, Mbarara
Jumatatu asubuhi

Papa wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama, na yeyote aliyeketi nanyi hapo uani barua hii ikifunguliwa. Mimi ni mzima. Kile kikohozi cha msimu wa mvua kimeniacha, na mama mwenye nyumba bado ananilisha matoke kana kwamba ana mpango wa kuniuza kwa kilo. Mnaamkaje huko kambini Nakivale? Mahindi yamekubali? Magoti ya Mama yanamfikisha sokoni Base Camp, au bado anamtuma kaka Elisée, ambaye hurudi na nusu ya alichotumwa na hadithi ndefu kuhusu nusu nyingine?

Lakini nakujua, Papa. Unataka habari za fimbo. Pasaka nilipokuletea ule mpini wa chuma wa fimbo ya gofu iliyovunjika, nikakueleza kwamba Bi Kemirembe, yule ninayembebea fimbo zake uwanjani, ataagiza nyingine kwa ajili yake na rafiki zake endapo utaunda kichwa kizuri, uso wako ulirudi ujanani. Tangu watu waache kuagiza vitanda, sikuwa nimekuona hivyo. Fimbo ilipokwisha ulinishika bega ukaniambia, "Uipime muzuri, Gisèle, na usinifiche ata kitu moya." Basi sikufichi.

Nianze na sura yake. Ni nzuri hadi inanitia wivu. Wachezaji wengine wana "pata" za dukani, maana ndivyo wanavyoiita fimbo hii ya kusukumia mpira shimoni, na zote zinang'aa sawasawa. Yako ina wekundu wa mti wa mugavu, na bamba la jembe kuukuu ulilolipachika mbele limekaa kama lilizaliwa hapo. Kishikio cha ngozi alichokishona Mama hakitelezi hata mkono ukitoka jasho. Bi Kemirembe aliishika muda mrefu, akiigeuzageuza.

Mkononi ni tulivu. Uzito wake uko chini, ukiiachia inakwenda na kurudi yenyewe, na ikiugusa mpira haipigi kelele. Inatoa sauti ya chini, kama mlango unaofungwa na mtu mwenye adabu.

Nimekuwa nikiijaribu alfajiri, kabla wachezaji hawajafika. Papa, natamani uione saa ile. Ukungu unakuwa umelala chini, na ng'ombe walio ng'ambo ya uzio unawaona pembe tu, zinatembea zenyewe. Nyasi fupi zimejaa umande, nyeupe kabisa, na mpira ukibingirika unaacha njia ya kijani nyuma yake. Mara nyingi nasahau kilichonileta. Napiga, natazama njia inavyojichora polepole, nawaza kwetu Uvira, ambako sikukumbuki ila kwa maneno yenu, na najiona nimekuwa mtoto tena, nimelala juu ya maranda chini ya meza yako ya kazi. Nina furaha sana saa hizo. Naiandika wazi kwa sababu sijawahi kukuambia.

Ila jua linapopanda kidogo, njia zile zinaonekana zote kwa pamoja, na zote zimeinamia kushoto.

Nilijilaumu mimi. Nikabadili mikono, nikabadili miguu, nikaacha hata kunywa chai kabla ya kupiga. Mwisho nikampa Bi Kemirembe, ambaye mkono wake hautikisiki, na mpira wake ukaenda kulekule. Alisema kwa Kiswahili chake, "Hii fimbo iko mzuri sana, lakini inatoroka." Ndipo nikachukua uzi nikaunyoosha juu ya kichwa cha fimbo, kama ulivyonifundisha. Ule mstari uliouchonga juu, wa kulengea, haukubaliani na uso wa bamba. Umelala upande.

Nilikaa chini palepale kwenye umande. Mkono wako haujawahi kupinda mstari, Papa. Nikaanza kuyapanga niliyoyaona Pasaka nikayaacha yapite: ulivyomimina chai pembeni ya kikombe ukasingizia meza, ulivyogeuza kichwa chote Mama alipokuja upande wako wa kulia, ulivyopapasa ubao kwa kidole gumba pale ambapo zamani ungeutupia jicho tu. Jicho lako la kulia halioni. Sijui ni tangu lini, na nadhani Mama naye hajui, la sivyo angekuwa ameniambia. Umekuwa ukiinamisha kichwa ili la kushoto lifanye kazi ya yote mawili, na mstari umefuata kichwa chako.

Nimekasirika, Papa, nakuambia ukweli. Unaniomba nisikufiche kitu, na wewe unatuficha giza la namna hii. Halafu hasira inaisha, nalia. Naelewa uliogopa watu wangesema fundi amekwisha. Bi Kemirembe hajasema hivyo. Anasema atangoja.

Nimeshazungumza na daktari wa macho hapa Mbarara. Hakuniahidi kitu. Alisema kuna macho yanayorudi na kuna yasiyorudi, ila hili lililobaki halifai kungoja. Atakuona Jumamosi. Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa namna hii, uisome mwenyewe kwanza, kisha umwambie Mama kwa mdomo wako.

Msalimie sana, na Elisée pia, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu awalinde. Jumamosi nitakuja kukuchukua Base Camp, upande wa sokoni. Najua pale huwa na watu wengi, wanapita kila upande. Usihangaike kunitafuta. Wewe simama tu, mimi nitakuona.

Binti yako akupendaye,
Gisèle