Mstari Ambao Neema Hakuuandika

Alhamisi. Ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro tangu alfajiri na haukutuachia mpaka saa nne. Mchana jua likatoka, na vumbi nalo likaamka. Nimeanza na hali ya hewa kwa sababu ndiyo sehemu rahisi ya kuandika leo.

Sehemu ngumu ni hii: ninamwonea wivu Neema.

Tunakaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Wazazi wake walihamia Karatu kutoka Moshi. Baba yake huwapeleka wageni kwenye kreta ya Ngorongoro, na nyumbani kwao kuna laptopu. Nyumbani kwetu kuna shamba la mbaazi na daftari la hesabu. Programu zangu naziandika kwanza kwa penseli ndani ya vile visanduku vya daftari, halafu nasubiri zamu yangu ya kompyuta, Jumanne na Alhamisi.

Muhula huu klabu yetu ya kompyuta inamtengenezea Paskalina njia ya kuandika. Paskalina tuko naye darasani, na mikono yake haimtii tangu kuzaliwa. Anaweza kubonyeza kitufe kimoja kikubwa, basi. Herufi zinapita moja moja kwenye skrini, na ile anayoitaka ikifika, anabonyeza. Hapo kiendeshi kinafanya kazi yake. Hicho ni kipande cha programu kinachokaa ndani kabisa, kwenye kerneli, ambayo ni kiini cha mfumo. Kinaiambia kompyuta kwamba herufi fulani imebonyezwa, na kompyuta inaamini, kumbe hakuna kidole kilichogusa kibodi.

Mimi na Neema kila mmoja aliandika kiendeshi chake. Mwalimu Qamara, msimamizi wa klabu, alichagua cha Neema, na aliyechaguliwa ndiye atakayekwenda Arusha likizo kwa mafunzo ya wiki mbili. Nafasi ni moja.

Mimi nilipewa kukisoma.

Ndiyo sheria ya klabu. Hakuna msimbo, yaani mistari ya programu, unaoingia kwenye kompyuta ya Paskalina kabla mtu mwingine hajausoma mstari kwa mstari, akaandika "Nimesoma" na jina lake. Jumanne nilikaa nikausoma wa Neema kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele wa jirani. Ulikuwa msafi, na hilo ndilo lililoniuma. Wangu ulikuwa mrefu mara mbili, na kuna mahali hata mimi nilikuwa nimesahau nilichokusudia.

Karibu na mwisho nikaliona jiwe.

Kitufe kikibonyezwa, lazima pia kiachiwe. Kibodi ya kweli hutuma taarifa mbili: kimebonyezwa, kimeachiwa. Neema alituma ya kwanza, ya pili hakuiandika. Kwa hiyo Paskalina akichagua M, kompyuta itadhani kuna mtu ameishikilia M na hataki kuiachia, na itaendelea kuiandika.

Nilijiuliza Neema alijaribuje kiendeshi asilione hilo. Kisha nikakumbuka vumbi. Katika chumba chetu cha kompyuta vumbi jekundu huingia ndani ya kibodi, vitufe vikakwama na herufi zikakimbia zenyewe. Dawa yake kila mtu anaijua: unaigeuza kibodi, unaipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, inatulia. Wiki iliyopita Neema alikuwa anajaribu kiendeshi chake, herufi zikaanza kukimbia. "Vumbi hili litatumaliza," akasema, akaichapa kibodi, zikatulia. Tulicheka wote, na Mwalimu akacheka. Hakuna aliyefikiri kwamba kule kuchapa ndiko kulikobonyeza vitufe vingine, na ndiyo maana kompyuta ikaacha ile herufi ya kwanza.

Niligundua Jumanne saa tisa alasiri. Niliandika "Nimesoma" kwa penseli, bila jina, nikarudi nyumbani. Mama aliniuliza kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, nimekula nini kibaya.

Jana nzima sikusema neno.

Jumamosi ni siku ya wazazi, na Paskalina ataandika mbele ya watu wote. Niliwaza kwamba nikinyamaza tu, bila kusema uongo wowote, herufi zitakimbia mbele ya wazazi, na Mwalimu atakumbuka kuwa kulikuwa na kiendeshi kingine. Niliwaza hivyo mara nyingi, na kila mara nilijisikia vizuri kidogo.

Leo wakati wa mapumziko nilikuwa nasukuma kiti cha Paskalina kwenda juani. Yeye huongea polepole, lazima umsubiri.

"Nimeshachagua nitakachoandika," akasema. "'Mama, naandika mwenyewe.'"

"Vizuri," nikajibu.

"Atalia. Halafu atasema ni vumbi."

Akacheka. Mimi nilishindwa, kwa sababu nilikuwa naiona M ya kwanza ya "Mama" ikijaza skrini nzima. Tangu Jumanne nilikuwa namfikiria Neema tu. Paskalina sikumfikiria hata mara moja.

Alasiri nikamwambia Neema kitufe chake hakiachiwi.

"Ni vumbi hilo, shosti."

"Chomoa kibodi."

Akaichomoa, tukabonyeza kile kitufe kikubwa. Kibodi imelala mezani, waya unaning'inia, na M zinakimbia. Neema aliziangalia mpaka zikafika chini ya skrini.

"Umejua lini?"

"Jumanne."

"Leo Alhamisi, Agnes."

"Najua."

"Ulitaka niumbuke."

Neema akasogea kwenye benchi akanipa nafasi. "Haya, kaa. Wewe kwako uliiandikaje hiyo ya kuachia?"

Nilimwonyesha. Akaniuliza kwa nini mstari wa kuachia unakaa pale chini na si juu zaidi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeunakili mstari ule kutoka kwenye mfano wa Mwalimu. Kwangu haukukosekana, ila sikuuelewa mpaka nilipoukosa kwake. Tulikaa tukautafutia maana pamoja, na Neema akauelewa kabla yangu. Hilo nalo liliniuma.

Mwalimu Qamara alipita, akasoma akiwa amesimama maelezo ya kosa niliyokuwa nimeyaandika pembeni ya msimbo. "Binti, humu ndani hakuna aliyewahi kusoma msimbo hivi," akasema. Nikasema asante Mwalimu. Nikafuta penseli, nikaandika kwa kalamu: Nimesoma, Agnes.

Arusha bado anakwenda Neema.

Nilidhani nikisema ukweli wivu utaondoka, lakini upo, umekaa palepale. Jumamosi nitakaa mstari wa mbele karibu na mama yake Paskalina, na akisema ni vumbi nitamwitikia.

Ila kuna jambo sikumwambia Mwalimu. Nilisoma vizuri vile kwa sababu nilikuwa natafuta kosa la Neema. Siku nitakapopewa kusoma kazi ya mtu nisiyemwonea wivu, nitaliona?